Kura ya Jumamosi

Jumatatu, 2 Juni

Muhula wa pili umeanza na mvua, na mimi nimeanza na ushindi. Leo kwenye kikao cha walimu nimelitoa lile lililonikaa kooni tangu mwaka jana. Nimesema shule yetu hapa Juba inapoteza michana miwili mizuri kila wiki, Jumatano na Ijumaa, kwa kitu kinaitwa Michezo, Muziki na Sanaa. Watoto wa darasa la saba na la nane wanarukaruka uwanjani, na mwisho wa mwaka mtihani unawaruka wao. Nipeni mimi hizo saa nifundishe Hisabati, nikasema, na msipoona tofauti mnifukuze.

Madam Susan, mwalimu mkuu wetu, alinitazama juu ya miwani. Huyu mama hapendi kuamua jambo. Hupenda jambo lijiamue lenyewe. "Wazazi ndio wataamua, Charity," akasema. "Tutawaita mwezi wa saba. Wakitaka Hisabati, itakuwa Hisabati."

Mwalimu Ojok, mwenye hizo saa, alikuwa amechelewa. Aliingia ana matope hadi magotini, akasikia nusu ya maneno, akacheka. Hucheka kwanza ndipo aulize. Ni Mwacholi, amekulia Gulu, na Kiswahili chake cha Uganda huniwasha masikio. "Mimi iko tayari," akasema. "Wazazi wakuje tu." Kama mtu asiyeelewa kwamba saa zikienda naye ameenda, maana hana somo lingine.

Shauri yake.

Jumatano, 4 Juni

Mvua. Bati likianza kupigwa hakuna mwalimu anayesikika, basi unaandika ubaoni watoto wananakili. Kumbe Ojok yeye anasikika! Darasa la pili kutoka kwangu, ngoma mbili na watoto hamsini wanaimba. Mvua yenyewe ikatulia kidogo isikilize. Mimi nilikuwa kwenye sehemu za desimali.

Jumatano, 11 Juni

Leo nimechekwa na darasa zima. Nimeandika swali ubaoni, nikauliza, "Haya, nani ana jibu?" Mara dirishani ikatokea sura iliyojaa tope, ikapaza sauti: "Jibu! Jibu kura, ustaza!"

Kwa Kiarabu cha Juba "jibu" ni lete, "kura" ni mpira, na "ustaza" ni mimi, mwalimu wa kike. Mpira wao ulikuwa umeruka ukaingia chini ya meza yangu. Nimeishi hapa miaka mingi ya kutosha, neno hili nalijua, lakini akili yangu ilisomea Nakuru, na kule jibu ni jibu na kura ni kura. Nilisimama na chaki mkononi kama nimeulizwa na polisi. Darasa likaanguka kicheko.

Sura ile ya tope ilikuwa ya binti yangu, Night.

Mpira nimeufungia kabatini.

Ijumaa, 13 Juni

Matokeo ya majaribio ya Hisabati, darasa la saba. Night: thelathini na moja. Chini ya thelathini na moja wamebaki watoto wanne, na mmoja wao alikuwa na malaria.

Haki ya Mungu, niliona aibu mpaka nikashindwa kuwatazama walimu wenzangu wakati wa chai. Mwalimu wa Hisabati, mtoto wake thelathini na moja! Kinyozi ana nywele ndefu, watasema.

Nyumbani Atlabara nikamketisha. Night ni mrefu, mkimya anapogombezwa, na ana mikono mikubwa kama ya babake aliyeko Nimule kwenye kazi ya forodha. Nikamwambia tena yale anayoyajua. Mamangu alinibeba mgongoni kutoka nchi hii wakati wa vita. Nakuru nilirudia madarasa kwa sababu sikujua lugha yao, na kilichoniokoa ni hesabu, maana hesabu haina kabila wala lafudhi. Dada yangu Nakuru yuko tayari kumpokea Night sekondari, ila shule ile haichukui mtoto wa thelathini na moja.

"Wewe ni nani huko kwa Ojok?" nikamuuliza.

"Kipa."

"Kipa tu?"

"Na mimi ndiye naanzisha nyimbo."

Nimemkataza. Mpaka apate sitini, Jumatano na Ijumaa atakaa barazani na kitabu cha mazoezi. Hakulia. Alisema, "Sawa, mama," akaenda kuosha vyombo.

Jumatatu, 16 Juni

Mvua, tope, ful, yaani maharagwe, kwa chakula cha mchana. Hakuna la kuandika.

Jumatano, 18 Juni

Siku ya kwanza ya adhabu. Night alikaa barazani, kitabu magotini, ameupa uwanja mgongo. Golini wamemweka Ayom wa darasa la sita, mtoto mzuri ila mpira ukija yeye hufumba macho.

Ojok alinijia. Nilijua atalalamika, nikajiandaa. "Mwalimu Charity," akasema, "ile mutoto yako iko mugonjwa?"

"Si mgonjwa. Anasoma."

"Ah." Akacheka kidogo, akamtazama Night, akaacha kucheka. "Sawa. Wewe ndio mama." Akaondoka. Ningependa zaidi angebishana.

Ijumaa, 20 Juni

Ayom amefungwa mabao ambayo hata Mogga, bawabu wetu, ameacha kuyahesabu. Mogga hukaa langoni kwenye kiti chake cha plastiki na kazi yake kubwa ni kutoa maoni.

Jumatano, 25 Juni

Leo imenyesha mpaka uwanja ukawa bwawa. Vyura wanafanya mkutano palipokuwa goli. Paa la darasa la Ojok likavuja. Madam Susan, bila kuniuliza, akamleta kwangu na ngoma zake na kile kinanda chao cha nyuzi, adungu. Mimi nikabaki kwenye kiti nasahihisha, nao wanaimba mbele yangu. Night nilimpeleka maktaba.

Nitaandika ukweli kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Ilikuwa tamu. Wamejifunza wimbo wa Kiacholi wa mavuno, halafu wa Wabari wa kwetu, halafu wa Wadinka wa ng'ombe, na anayetoka kwa wenye wimbo ndiye mwalimu wa wimbo huo. Ilwad, binti wa Msomali mwenye duka la jumla, alikuwa akimfundisha kijana wa Kidinka kupiga makofi kwa mtindo wa kwao, anamgombeza kama mke mkubwa. Watoto ambao barabarani wazazi wao hata salamu hawapeani.

Walipotoka nikamwambia Ojok, maana nilitaka kumtendea haki, "Kama ungewaambia wazazi kwamba muziki unasaidia hesabu, kuna mapigo, kuna kugawanya, labda wangekusikiliza. Nimesoma mahali kwamba unasaidia."

Alikuwa anafuta matope kwenye ngoma na shati lake mwenyewe. "Hapana, mwalimu," akasema. "Mimi siwezi danganya mutu. Ngoma haifundishi hesabu. Ngoma inafundisha ngoma."

Nikasema, basi utapoteza.

"Labda," akasema. Safari hii hakucheka.

Ijumaa, 27 Juni

Nimepita dukani kwa Warsame, babake Ilwad, kununua mchele. Mzaliwa wa Garissa, Kiswahili chake kimenyooka, tukizungumza naye najisikia nyumbani. Yeye ni jeshi langu. "Hisabati, mwalimu, Hisabati!" akasema, akipiga kaunta. "Mimi sikumleta mtoto shule ajifunze kupiga mpira. Kupiga mpira hata mbuzi anaweza. Siku ya kura niko mbele." Ameshazungumza na wazazi wa mtaa wake wa Hai Amarat, wengi wamekubali. Nami nimezungumza na wa Atlabara. Nikipiga mahesabu, tumeshinda.

Nilipotoka nje nilitarajia kufurahi zaidi ya hivi.

Jumatano, 2 Julai

Kuna kitu nyumbani kilikuwa kinanisumbua na sikujua ni nini. Nikadhani friji. Leo jioni, Night akiwa anaosha vyombo, nimejua.

Zamani, ninaposema zamani ni mwezi uliopita, mtoto huyu alikuwa haoshi sufuria bila kuipiga. Kijiko, sufuria, na wimbo wake wa golini. Aliutunga mwenyewe kwa Kiarabu cha Juba. Yeye huuliza, "Munu futu?", yaani nani amepita, na timu nzima inajibu, "Mafi!", yaani hakuna. "Ganamaya?" Hata mbuzi? "Mafi!" Nyumbani hakuna timu, kwa hiyo alikuwa anauliza na kujijibu mwenyewe. Nilikuwa nampigia kelele anyamaze, kwanza kwa sababu ya kichwa kuniuma, pili kwa sababu hilo "mafi" mtu wa Nakuru akilisikia huziba pua.

Basi sasa amenyamaza. Anaosha vyombo kama mgeni kwenye nyumba ya watu. Anajibu "ndiyo mama", "hapana mama", "asante mama". Si kiburi, ningejua la kufanya na kiburi. Ni kama ameweka sauti yake mahali na kufunga.

Nilimwuliza, "Mbona huimbi?" Akasema, "Sijafika sitini, mama."

Nimekaa chumbani nikalia kwa hasira. Sijui hasira ya nani.

Ijumaa, 4 Julai

Jaribio dogo. Night, thelathini na tatu. Saa zote zile barazani zimezaa alama mbili.

Jumatatu, 7 Julai

Madam Susan amesema wazazi waitwe Jumamosi hii. "Andika wewe, Charity, una mwandiko. Andika Kiswahili, Kiingereza kinawatisha wengine."

Ningeweza kusema tungoje. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini Warsame ameshawaita watu, na mimi ndiye niliyesimama kikaoni nikasema nifukuzwe. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikachukua chaki nikaandika kwenye ubao wa langoni, herufi kubwa, zimenyooka:

JUMAMOSI SAA NNE ASUBUHI. KURA. WAZAZI WOTE WAJE.

Mogga alisimama nyuma yangu akausoma pole pole. "Kura?" akauliza. "Wazazi wote?"

"Wote."

"Na wamama?"

"Hasa wamama."

"Wallahi, ustaza!" akasema, na macho yake yakang'aa. Nikashangaa, Mogga na mambo ya ratiba wapi na wapi. Watoto nao walipita wakisoma, wakipigana mabega, wakikimbia kuwaambia nyumbani. Nikajisemea, angalau wazazi watajitokeza.

Jumatano, 9 Julai

Siku ya Uhuru. Shule imefungwa. Night amefua sare yake mara mbili.

Ijumaa, 11 Julai

Moyo wangu haujatulia hadi sasa.

Saa tano asubuhi aliingia ofisini kijana mmoja, shati limepigwa pasi, miwani ya jua ingawa nje kuna mawingu. Alisema anaitwa Majak na anaangalia usalama wa mtaa huu. Madam Susan aliniita mimi na Ojok. Nilipoingia yule kijana alikuwa amesimama, amekataa kiti.

"Nani aliandika kwa ubao?" akauliza. Kiswahili cha Kenya, kile cha kambi ya wakimbizi ya Kakuma.

"Mimi," nikasema.

"Madam, nchi nzima inangoja kura. Redio kila siku ni kura, lini kura, itakuwa kura, haitakuwa kura. Na nyinyi hapa shule ya msingi mnaandika kwa gate, Jumamosi saa nne, kura, wazazi wote. Nani amewapa ruhusa?"

Kumbe ndivyo ubao ulivyosomeka kwa mpita njia! Nikafungua mdomo kueleza kwamba ni kura ya ratiba, ya Hisabati, nikaona neno "kura" litazidi kuongezeka chumbani. Madam Susan alikuwa amevua miwani, anaifuta, anaifuta tena.

Ndipo Mogga akaingia bila kubisha hodi. Alikuwa ameweka sikio dirishani muda wote. "Ya jenabu!" akasema. Ndivyo wanavyowaita maofisa. "Ya jenabu, kura! Kura de!" Akaonyesha kwa mguu, teke hewani, nusura amwangushe Madam Susan.

Majak hakucheka. "Nimekulia Kakuma, mzee. Usinibebe ufala. Kura ni kura."

"Hapa Juba kura iko mupira, afande," akasema Ojok.

"Najua. Lakini huu ubao ni Kiswahili. Unaona, 'waje'. Mtu hawezi andika Kiswahili halafu neno moja Kiarabu."

Wote wakanigeukia mimi. Nimefundisha miaka yote hii, sijawahi kuulizwa swali gumu kama lile. Na jamani, Mungu anisamehe, nikasema, "Ni Kiswahili cha Juba. Ni mpira. Wazazi na watoto watacheza mpira."

Mogga akarukia, "Wazazi wote! Na wamama! Mimi nimeambia mtaa wote!" Na hapo nikamwona usoni. Mogga alikuwa hatetei mtu. Alikuwa anasema ukweli. Tangu Jumatatu yeye na mtaa wote huu wa Nyakuron wanajua kuna mpira Jumamosi. Ndiyo maana macho yalimng'aa.

Majak alitutazama mmoja mmoja. Halafu akauomba huo mpira auone. Nikafungua kabati langu. Mpira ule ule wa chini ya meza, umenywea, tope limekauka juu yake. Aliubonyeza kwa kidole.

"Huu hauna upepo."

"Tutaujaza," nikasema.

"Sawa. Kesho nitakuja kuona huo mpira. Nikiona karatasi, nikiona sanduku, nikiona mtu ananyoosha mkono kuhesabiwa, tutaongea tena, madam."

Alipoondoka, Madam Susan alikaa chini akapepea uso wake na ratiba. "Basi hakuna kura," akasema. "Kuna kura."

Ojok akacheka mpaka akakaa sakafuni. Na mimi, sijui ni woga ulikuwa unatoka, nikacheka naye.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeoga mara mbili na bado kuna tope sikioni. Wacha niandike yote.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Saa tatu na nusu wakaanza kuingia, na sijawahi kuona wazazi kama wale. Jezi za timu za Ulaya, jezi za kanisa, kaptura za wakati wa Yohana Mbatizaji. Mama mmoja anayeuza chai karibu na kituo cha utamaduni alikuja amejifunga kanga mbili kiunoni na amevaa viatu vya mumewe vya kuchezea mpira. Walikuja wengi kuliko mkutano wowote wa ada. Nusu ya hawa sijawahi kuwaona shuleni.

Katikati yao, kanzu nyeupe, kalamu mfukoni, kitambulisho mkononi, Warsame. "Mwalimu," akanong'ona, "hawa wamekuja na miguu mitupu kupiga kura?"

Majak alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti cha plastiki cha Mogga, ananitazama.

"Ficha kalamu," nikamwambia Warsame. "Tafadhali. Kura ni mpira."

"Mpira gani?"

"Mwishowe tutaelewana. Vua viatu."

Alinitazama kama nimepandwa na mashetani. Kisha akamwona Majak, akaangalia ubao langoni, na huyu ni mfanyabiashara wa mipakani, hahitaji kuelezwa jambo mara mbili. Akakunja kanzu juu ya suruali, akasema, "Mimi nakaa golini, sikimbii," akaenda.

Ojok akapuliza filimbi. Wazazi dhidi ya watoto.

Sina haja ya kusema uongo, wazazi wale ni wakatili. Tope halikuwazuia. Muuza chai anapiga mpira kama anafukuza mwizi. Golini kwa watoto alikuwa Ayom, macho yamefumbwa. Bao. Bao tena. Watoto wakawa wanacheza kimya, wanatazamana. Mara moja tu walipumua, Ilwad alipomtoka Mogga, mtandio wake ameuchomeka vizuri shingoni, akampiga babake tobo. Warsame alibaki ameinama anatazama katikati ya miguu yake. Nilidhani atakasirika. Akaunyanyua mkono akageukia wazazi wengine: "Huyo ni wangu! Mmemwona? Huyo ni wangu!"

"Hata mbuzi anaweza, Warsame?" nikamwita kutoka pembeni.

"Mbuzi gani, mwalimu! Kaa kimya!"

Bao la tatu kwa Ayom. Hapo Majak akaniita. "Madam, yule mrefu pale barazani, mbona hachezi?"

"Ni binti yangu. Nimemkataza."

"Amefanya nini?"

"Hesabu." Nilipolitamka nililisikia lilivyo.

"Kakuma mimi nilikuwa naenda shule juu ya mpira," akasema, akiutazama uwanja. "Siku hakuna mpira, siendi. Hesabu ilinipata tu kwa sababu nilikuwa hapo."

Nilikuwa namtazama Night. Alikaa palepale pake, kitabu magotini, ila leo ameugeukia uwanja. Na midomo yake ilikuwa inacheza. Munu futu. Munu futu. Hakuna sauti inayotoka, midomo tu, anaimba kimya ili asivunje amri yangu. Mtoto huyu hakuniibia hata dakika moja. Kila nilichomkataza amekiacha, na ndicho kilichonichoma.

"Night!" nikaita. Nilikuwa na sauti ya kugombeza, sina nyingine. "Unakaa hapo unatazama nini? Wenzako wanaisha! Ingia golini!"

Aliinuka, akasimama. "Sijafika sitini, mama."

"Nimekuuliza alama? Ingia!"

Kitabu kilianguka topeni. Hakukiokota, na mimi sikukiokota.

Aliingia, akampiga Ayom begani, akasimama kati ya mawe mawili ya goli, akainua ile mikono ya babake. "Munu futu?"

"MAFI!" Uwanja mzima. Hata waliokuwa nje ya ukuta. Ojok alikimbia kuchukua ngoma, filimbi bado mdomoni.

Sasa mpira ukawa mpira. Watoto wakasawazisha, sikuona vizuri vipi, macho yangu yalikuwa yana kazi. Karibu na mwisho, Ilwad katika kuokoa akaushika mpira kwa mkono ndani ya eneo lao, na Ojok, bila haya, akapuliza penalti dhidi ya watoto wake mwenyewe.

"Nani anapiga?" akauliza.

"Ustaza!" Mogga akapiga kelele. "Ustaza ndiye ameandika kura! Apige kura yake!"

Wakaanza wote, wazazi, watoto, hata Majak amesimama juu ya kiti: "Kura! Kura! Kura!" Madam Susan alikuwa anapiga makofi, yeye asiyeamua jambo.

Nikavua viatu. Nikafunga kanga. Nikaweka mpira chini, na Night yuko mbele yangu, hatua chache tu, amechuchumaa kidogo, ananitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. Nilifikiri nimpigie pole pole. Halafu nikajisemea, hapana, mtoto hatarudishiwa chake kwa huruma. Nikapiga kwa hasira zangu zote, za Nakuru, za thelathini na moja, za bati na mvua.

Nilianguka chali. Kwa hiyo sikuona. Nilisikia tu kimya, halafu kelele. Nilipoinua kichwa, Night alikuwa amesimama juu yangu, mpira kifuani, tope mpaka kwenye kope, anacheka.

"Mama," akasema, "kura yako imeharibika."

Jumatatu, 14 Julai

Madam Susan ameniita. "Kura haikupigwa," akasema, "kwa hiyo pendekezo lako bado liko mezani. Unataka tuwaite tena?"

Nikamwambia aliondoe. Hakuniuliza sababu, na nilikuwa nimeandaa nzuri. Ubao wa langoni nimeufuta mwenyewe.

Warsame amepeleka kwa Ojok mpira mpya, na ujumbe kwamba yeye ni kipa wa wazazi daima na asitafutwe mwingine.

Jumatano, 16 Julai

Mvua. Jaribio: Night thelathini na nane. Bado ni aibu, na nimemwambia. Tumekubaliana, hesabu ni kila jioni mezani na mimi, isipokuwa Jumatano na Ijumaa akirudi amechoka. Nilimwambia Ojok pia kwamba alimpulizia penalti Ilwad bila sababu. "Ile ilikuwa mukono wazi, mwalimu," akasema. Tukabishana chai nzima. Nimegundua napenda kubishana naye.

Sasa naandika, mvua imepungua, na jikoni kuna kijiko na sufuria. Sufuria moja anaiosha nusu saa. Kichwa kinaniuma.

"Munu futu?" anauliza.

Hajajijibu. Kijiko kimesimama. Anangoja.

Nimeweka kalamu, nikaita kwa sauti hadi majirani wasikie: "Mafi!"